Amepasuliwa na Nani? Kihusishi na Wajibu katika Istilahi za Upasuaji

Katika sentensi ya kutendwa, Kiswahili humtambulisha mtenda kwa "na" na kifaa kwa "kwa": nyama hukatwa na mpishi kwa kisu. Tofauti hii hufundishwa mapema na kusahauliwa mapema. Mwanamke aliyeshuka viungo vya nyonga anapoambiwa kwamba "atapasuliwa na roboti", amekwisha kuelezwa jambo lisilokuwapo.

Chumbani mwa upasuaji, daktari huketi penye mtambo, hatua chache kutoka kitandani, akitazama picha iliyokuzwa. Vifaa vyembamba vilivyopitishwa katika matundu madogo ya tumbo hufuata mikono yake. Asiposogeza yeye, havisogei. Kwa njia hiyo wavu wa plastiki hushonwa kwenye uke na kufungwa mbele ya mfupa ulio juu ya kifandugu. Sindano ikitoboa kibofu, mwenye kujibu ni nani? "Na" humtaja roboti. Wapo wanaozidisha kwa upatanisho wa kisarufi: "roboti anashona". Ajabu ni kwamba neno lenyewe, lililoenezwa na tamthilia ya Karel Čapek ya mwaka 1920, limetokana na neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya shokoa.

Istilahi ya mazoea, "kushuka kwa kizazi", ina kasoro kubwa zaidi. Kibofu hushuka, puru pia. Tena upasuaji huu mara nyingi hufanyiwa mwanamke aliyekwisha kutolewa kizazi, ambaye kilichoshuka kwake ni kilele cha uke. Kumwambia kwamba kizazi kimeshuka ni kumpa habari za kiungo asichonacho. "Kushuka kwa viungo vya nyonga" ni refu, lakini halimdanganyi.

Neno "wavu" nalo halitoshi peke yake. Aprili 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru kusitishwa kwa uuzaji wa nyavu za kurekebisha mshuko huu zinazowekwa kupitia ukeni. Zinazowekwa kupitia tumboni hazikuhusishwa na amri hiyo. Mgonjwa aliyesikia tu kwamba "wavu umepigwa marufuku" ana haki ya kushtuka, na fomu ya ridhaa isiyotaja njia haimsaidii.

"Upasuaji wa roboti" ni fupi, na huenda likashinda sokoni, ingawa laweza pia kumaanisha kwamba roboti ndiyo iliyopasuliwa. Katika fomu, hata hivyo, panahitajika sentensi kamili: "Utapasuliwa na daktari kwa roboti, kupitia tumboni." Jina la daktari huyo liandikwe papo hapo.