Hesabu ya Fedha za Mfukoni katika Safari ya Ulaya

(Hotuba iliyosomwa na wajumbe watatu wa chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Kwanza twatoa shukrani. Mwezi wa Septemba, 2025, chama hiki kilitutuma sisi watatu kwenda Ujerumani na Ufaransa kwa muda wa siku 10, tukawaone rafiki wa chama na vijana wetu wanaosoma huko. Hapana hata mmoja wetu aliyekuwa amepata kufika Ulaya kabla ya hapo. Habari za mambo tuliyoyaona zimo katika taarifa ya Katibu, nasi hatutazirudia. Leo Kamati imetuomba tuseme juu ya jambo moja tu, nalo ni fedha za mfukoni: jinsi tulivyozipokea, jinsi tulivyozitumia vibaya, na jinsi tulivyojirekebisha. Si habari ya kujivunia. Lakini fedha zile zilikuwa zenu, nanyi mna haki ya kuijua.

Nauli, malazi, bima na viza vililipwa na Mweka Hazina kabla hatujaondoka. Yafaa mjue kwamba ada ya viza ya nchi zile kwa mtu mzima ni Euro 90 tangu Juni, 2024, na hairudishwi hata mwombaji akikataliwa. Na bima ya matibabu haikubaliwi ikiwa haifikii Euro 30,000. Baada ya hayo kila mmoja wetu alipewa Euro 500 za chakula, nauli za mjini na mahitaji madogo. Siku zile Euro moja ilikuwa yapata shilingi 150, kwa hiyo kila mmoja alikuwa na shilingi 75,000 mfukoni. Kwa mtu wa kwetu hizo ni fedha nyingi, na wingi wake ndio uliotudanganya.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kuondoka bila hesabu ya kila siku. Wazee walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, nasi tulilijua neno hilo, ila tulilisahau kiwanjani. Tulinunua chakula stesheni, mahali penye bei kubwa. Tulinunua maji ya chupa mara nne kwa siku, tusijue kwamba maji ya bomba kule hunywewa bila hofu. Ujerumani hata chupa yenyewe hulipiwa amana ya senti 25, ambayo hurudishwa ukiipeleka chupa dukani, sisi tulizitupa. Choo cha stesheni nacho hulipiwa. Mashine ya benki ilipotuuliza kama twataka hesabu ifanywe kwa shilingi au kwa Euro, tulichagua shilingi kwa kuwa ndizo tuzijuazo, na kumbe kwa kufanya hivyo tulikubali kubadilishiwa kwa bei mbaya. Siku tatu zikapita, na kila mmoja alikuwa ametumia Euro 200.

Siku ya nne tulipanda gari la moshi la mjini. Tiketi tulikuwa nazo, tumezilipia kwa haki. Lakini katika mji ule tiketi ya namna ile lazima itiwe mhuri katika kisanduku kidogo kabla ya safari, nasi hatukufanya hivyo. Mkaguzi alikuja, akatazama, akatutoza faini ya Euro 60 kila mtu. Tulijieleza kwamba sisi ni wageni. Alitusikiliza kwa adabu, akaandika stakabadhi. Hatumlaumu; sheria ilikuwa imebandikwa ukutani, na asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Pamoja na matumizi mengine ya siku hiyo, kila mmoja alibaki na Euro 200 kwa siku sita zilizobaki.

Ndugu wanachama, jambo lililofuata ni zito zaidi, nasi tulipatana kulisema bila kumtaja mhusika. Jioni ile mmoja wetu aliingia dukani akanunua zawadi za Euro 120. Tulipomwuliza kwa nini amefanya hivyo hali fedha zinakwisha, alitoa karatasi mfukoni. Ilikuwa orodha ya majina: shangazi, mashemeji, jirani, na baadhi ya wazee waliomo humu, kila jina na kitu chake. Alisema, "Hawa wote walichanga ili niende. Nitarudije mikono mitupu?" Hatukuwa na jibu, kwa sababu sisi wawili tuliosalia nasi tulikuwa na orodha zetu.

Usiku ule tulitoa fedha zote tukaziweka mezani, tukahesabu. Zilikuwa Euro 480 kwa watu watatu. Tulitenga Euro 120 katika bahasha, tukaapa kutoifungua ila kwa ugonjwa au kupotea njia. Zilizobaki 360 tulizigawa kwa siku sita, zikawa Euro 60 kwa siku, yaani 20 kwa kila mtu. Mmoja akafanywa mweka hazina, mwingine akaandika daftari, na wa tatu akakagua kila jioni.

Tangu hapo mambo yalitengenea. Asubuhi tulinunua mkate, jibini na matunda katika duka la kawaida la wenyeji. Na kwa kuwa Ujerumani maduka mengi hufungwa Jumapili, tulinunua siku iliyotangulia. Chupa zetu tulizijaza bombani. Badala ya tiketi tatu tulinunua tiketi moja ya kutwa ya watu wengi. Tulipofika Ufaransa hatukubadili fedha, maana nchi zote mbili hutumia Euro. Lakini atakayevuka kwenda Uswisi ajue atakuta faranga, na Uingereza atakuta pauni. Huko Ufaransa mtu akila mkahawani aweza kuomba mtungi wa maji ya bomba bila malipo, na malipo ya utumishi huwa yamekwisha kutiwa ndani ya bei. Hatukulala na njaa hata siku moja. Bahasha ilirudi haijafunguliwa, na Euro 120 zimekabidhiwa kwa Mweka Hazina pamoja na daftari na stakabadhi, hata zile za faini.

Kwa hayo twaomba mkutano huu ukubali mambo matatu. Kwanza, kila atakayetumwa na chama aandike hesabu ya kila siku kabla ya kupewa fedha, na sehemu moja katika tano iwe akiba isiyoguswa. Pili, stakabadhi ziletwe mbele ya Kamati katika muda wa siku 14 tangu kurudi. Tatu, na hili twawaomba wazee wetu kwa unyenyekevu mkubwa, mtu anayesafiri kwa michango yetu asipewe orodha ya zawadi. Tangu Kenya na Ujerumani zilipotia saini mapatano ya kazi na uhamiaji mnamo Septemba, 2024, vijana wetu wengi wanatamani kwenda. Kijana atakayefika huko na mizigo ya majina ya jamaa thelathini atauza chakula chake kwa ajili ya zawadi, na hatathubutu kutuandikia kwamba ana njaa. Na akirudi salama na hesabu safi, hiyo na iwe zawadi yetu.

Zawadi zile za Euro 120 mwenye kuzinunua amekwisha kuzirudishia chama thamani yake kutoka mfukoni mwake, bila ya kuombwa. Twaomba mzee aliyepata kofia aivae bila wasiwasi.

Tumekwisha.