Mwalimu Anapomfundisha Mwalimu

Msikilizaji, ni saa tisa alasiri Buguruni, Dar es Salaam. Malori yananguruma Barabara ya Mandela, na walimu wa shule ya msingi wamebaki darasani baada ya vipindi. Ni kikao cha jumuiya ya kujifunza, sehemu ya MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Hapa hasubiriwi mgeni kutoka wizarani. Mwalimu anawezeshwa na mwalimu mwenzake.

Uzuri wa mpango huu ndio mtihani wake. Mwezeshaji akisoma moduli ya mafunzo aya kwa aya, wenzake watasinzia, watasahihisha madaftari, watasaini mahudhurio na kuondoka. Lakini akimwaga vizibo vya soda mezani na kusema, "Jamani, jana kugawanya kwa baki kulinishinda, hebu tusaidiane," viti vitasogezwa. Kila mmoja atakuwa na la kusema, kwani kila mmoja yamemkuta.

Kinachosogeza viti ni ari ya mwezeshaji, na ari si kelele wala makofi. Pale Buguruni Viziwi, shule ya watoto wasiosikia, somo hupita mikononi na usoni. Hapo mwalimu aliyekata tamaa hana pa kujificha.

Mtaala mpya wa Tanzania ulianza kutekelezwa Januari 2024, na walimu wana mengi ya kujifunza. Walimu wakuu, wapangieni vikao hivi muda ambao hawajawa hoi. Wawezeshaji, ingieni na tatizo halisi la darasani, si makabrasha pekee. Moyo wa mwezeshaji ukiwaka, mwanga wake hufika hadi dawati la mwisho.