SOMO LA KAMERA: NAMBA YA FILAMU NA KIPIMA MWANGA

Chukueni kalamu, maana leo mna hesabu kidogo.

Shika boksi la filamu. Utaona namba: 100, 125, 200 au 400. Hiyo yaonyesha wepesi wa filamu. Filamu ya 400 hutaka nusu tu ya mwanga utakiwao na filamu ya 200. Zamani namba hizi ziliitwa ASA, na Wajerumani walikuwa na zao, DIN. Tangu mwaka 1974 zimeunganishwa kwa jina la ISO. Msihangaike na majina. Someni namba.

Sasa tazama kamera. Kipima mwanga hakijui umetia filamu gani mpaka ukiambie kwa kuzungusha gurudumu la namba. Tuchukue Zenit-E, kamera ya Kirusi iliyoanza kuundwa mwaka 1965, ambayo wengine wenu mmerithi. Haitaki betri, nalo ni jambo jema kwa mtu aliye mbali na duka. Lakini gurudumu lake lina namba za Kirusi: 65, 130, 250, 500. Kwa filamu ya 125 weka 130. Tofauti si kitu. Kwa filamu ya 400 mimi ningeweka 250, kwa sababu filamu ya negativu huvumilia mwanga uliozidi kuliko uliopungua.

Tena, kipima cha zamani huchoka. Kijaribu siku ya jua kali lisilo na wingu, saa tano mchana. Tia filamu ya 125, weka 130, na kilango kifunguke kwa sehemu moja ya 125 ya sekunde. Elekeza kipima kwenye majani mabichi yenye jua. Chapaswa kusema tundu 16. Kikisema 11, basi chaona nusu ya mwanga uliopo. Kidanganye kwa kuweka 250. Filamu yenyewe bado ni ya 125, usisahau. Mshale usipotikisika kabisa, kipima kimekufa: tumia tundu 16 juani, bila kukiuliza.

Kuna jambo moja linaloharibu picha nyingi. Babu wa miaka 90 amevaa kanzu nyeupe, ameketi mbele ya mabati mapya. Kipima huona weupe ule, husema mwanga watosha, na uso wa babu hutoka mweusi bila macho. Huenda hiyo ndiyo picha pekee wajukuu watakayobaki nayo. Kwa hiyo mwondoe mabatini, mketishe penye kivuli cha migomba, upime majani yaliyo katika kivuli kilekile, ndipo upige. Hapo filamu ya 400 ni bora kuliko ya 125.

Zoezi: umetia filamu ya 200, jua ni kali, tundu ni 16. Kilango chako kina 125 na 250 tu. Utachagua ipi, na kwa nini? Andikeni jibu, mmwonyeshe mwalimu wenu.