Makapi Ni Mali, Lakini Ni Mali ya Nani?



Leo nasema juu ya makapi. Mfano mzuri uko Tanga. Katika kilo 100 za majani ya mkonge, singa hazifiki kilo 5. Yaliyobaki yalitupwa yakaoza, yakachafua mito na kutoa methani, gesi inayozidisha joto la dunia. Mwaka 2008, huko Hale, ulizinduliwa mtambo wa kilowati 150: makapi yalivundikwa katika tangi, na gesi yake ikazalisha umeme. Methani hiyo hiyo wanakemia huweza kuigeuza iwe methanoli, malighafi ya gundi na plastiki, bila kuchimba mafuta ardhini.

Je, nasi Hanang tukusanye mabua yote ya ngano ya Basotu? Tusiharakishe. Kule Kainam, Mbulu, tangu zamani mabua hulishwa ng'ombe zizini, na samadi hurudi shambani. Hayo si taka.

Basi vijana, someni kemia kwa bidii. Lakini kabla ya kujenga mtambo, mwulizeni kwanza mkulima: mabaki haya yanakufaa nini?