Korongo wa Mto Mara na Kamusi ya Kiswahili

Mwezi Februari unapokaribia kwisha, Ulaya ingali katika baridi, kingo za Mto Mara hujaa ndege. (Kipupwe cha Tanzania ni Juni hadi Agosti, wageni hawa hufuata kalenda ya kwao.) Mto huo hutoka katika milima ya Mau nchini Kenya, hupita kati ya Tarime na Serengeti, kisha humwaga maji yake katika Ziwa Viktoria. Mtazamaji akimwuliza mchungaji, kwa Kiswahili, jina la ndege yule mwenye miguu mirefu, aghalabu hujibiwa: korongo. Akimwonyesha wa pili hujibiwa vivyo hivyo, na wa tatu pia.

Wa kwanza, mweupe mwenye mabawa meusi nyuma na mdomo mwekundu, amezaliwa ng’ambo, pengine katika kiota kilichojengwa juu ya paa la nyumba. Karibu atarejea huko kwa njia ya bonde la Nile, kwani huelea juu ya hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini, nayo baharini ni adimu. Wa pili, wa kijivu, hunyemelea samaki, na arukapo huikunja shingo. Wa tatu huruka ameinyoosha. Ana taji la manyoya ya dhahabu, na hutaga kinamasini. Kwa wataalamu wa ndege, hao ni wa familia tatu mbalimbali.

Kamusi zetu mara nyingi huridhika na maelezo ya “aina ya ndege”. Sarufi imekuwa makini zaidi. Korongo hili limekauka; korongo huyu ameruka: hakuna mchungaji wa Serengeti anayelichanganya bonde na ndege, maana upatanisho wa kisarufi umekwisha kuvitenga. Baina ya ndege na ndege, hata hivyo, sarufi haina msaada.

Upungufu huo una gharama. Ndege mwenye taji, ambaye Uganda imemweka katika bendera yake, tangu mwaka 2012 amo katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Tangazo likibandikwa kijijini kwamba korongo wanakwisha, msomaji aliyeona kundi kubwa la wale weupe asubuhi ile ile ana haki ya kutoliamini.

Kiswahili kilichota ikulu kwa Wanyamwezi na ngeli kwa Wahaya, ng’ambo ya ziwa hilo hilo. Hakuna sababu ya kuona haya kuchota kwa Wakurya, Wangoreme, Waikoma na Wanata. Mkusanyaji wa msamiati amwulize mvuvi au mchungaji kwa lugha yake ya kwanza, ndege mwenyewe akiwa mbele yao. Picha ya ndege aliyesimama haionyeshi shingo inavyokaa wakati wa kuruka.