Mzigo Wanaoubeba: Vijana, Vita na Bunilizi za Kisayansi

Mhadhara wa umma uliosomwa Goweko, Wilaya ya Uyui, Tabora



Nawashukuru wakuu wangu wa chuo kwa kukubali mhadhara huu usomwe hapa, kando ya reli, badala ya ukumbini mjini. Niliwaambia kwamba mada yangu ina kwao, na kwao ni huku. Nataka kuzungumza juu ya vijana wanaotafuta amani katikati ya vita ndani ya bunilizi za kisayansi, yaani hadithi za vyombo vya angani, mashine zinazofikiri na karne ambazo hazijafika. Mtu ana haki ya kuuliza: hayo na Goweko wapi na wapi? Nitamjibu kwa kuanzia mwaka 1876.

Aprili ya mwaka ule msafiri Henry Morton Stanley alikutana na mtemi Mirambo wa Unyamwezi pale Serombo. Miaka mitano nyuma walikuwa wamepigana. Sasa walikutana kwa heshima, na Stanley akashangaa kuona jeshi lililoitikisa njia nzima ya misafara limejaa vijana. Mirambo, kwa maelezo ya Stanley mwenyewe, hakuona aibu kueleza sababu. Kijana hana mke wala watoto wa kumvuta nyuma. Macho yake ni makali, viungo vyake vyepesi, na maneno machache yanatosha kumtia moyo wa kufa.

Mwaka 1985, Mmarekani Orson Scott Card alichapisha riwaya ya Ender's Game. Ndani yake majenerali wanamchukua mtoto wa miaka sita, Ender, wanampeleka shule ya vita angani, na sababu zao ni zilezile za Mirambo: mtoto huona upesi, hujifunza upesi, huamini upesi. Miaka sita kabla ya hapo, mwaka 1979, televisheni ya Japani ilikuwa imeanza kuonyesha tamthilia ya vibonzo ya Gundam, ambamo mvulana anajikuta akiendesha mtambo mkubwa wa vita kwa kuwa watu wazima waliopaswa kuuendesha hawapo. Waandishi hao walidhani wanabuni ya mbele. Hesabu hiyo ilikuwa imeshapigwa Unyamwezi zaidi ya karne moja kabla.

Imepigwa tena karibu yetu. Mwaka 1996 na 1997, vikosi vya waasi vya Laurent-Désiré Kabila vilipoivuka Kongo kutoka mashariki kwenda Kinshasa, vilijaa watoto walioitwa kadogo. Wengi walikuwa wadogo kuliko nyinyi vijana mliokaa mbele yangu. Amri walipewa kwa Kiswahili. Nalisema hilo kwa uchungu, kwa sababu ni lugha ninayoifundisha.

Kwa hiyo sehemu ya kwanza ya hadithi hizi, ile ya mtoto kutiwa silaha mkononi, sisi hatuhitaji kuifikiria. Warugaruga, yaani askari wa Mirambo, wengi wao walikuwa mateka, watoro wa utumwani na watu waliopotewa na koo zao. Jeshi likawa ukoo wao. Ninachokitafuta ni sehemu ya pili. Kijana huyo akitaka kutoka vitani, anatokaje? Mwandishi anampa njia gani?

Njia ya kwanza ni rahisi, na ndiyo imejaa kwenye sinema: kijana anapata silaha kubwa kuliko ya adui, anaiteketeza kambi ya adui, jua linachomoza. Siipendi hata kidogo. Hiyo ni amani ya aliyebaki hai, na msomaji anayetoka eneo la vita anajua kwamba aliyebaki hai leo ndiye anayetafutwa kesho.

Njia ya pili haionekani upesi, na nilichukua muda mrefu kuitambua. Ender anashinda. Anaiangamiza sayari nzima ya adui, akidhani anafanya mtihani wa mwisho wa shule. Anapoambiwa ukweli hapati faraja popote. Baadaye anamkuta malkia mmoja wa wale walioangamizwa, ambaye hajaanguliwa, na kazi yake kuanzia hapo ni kumbeba kutoka dunia hadi dunia akimtafutia mahali pa kuishi. Mpiganaji amegeuka mchukuzi.

Tazameni na filamu fupi ya Pumzi ya Mkenya Wanuri Kahiu, iliyotoka mwaka 2009. Miaka 35 imepita tangu vita vya maji. Watu wa Afrika Mashariki wanaishi katika mji uliofungwa pande zote, maji yanapimwa kwa tone, na anayeota ndoto hulazimishwa kumeza dawa ya kuizuia. Asha, msichana anayetunza makumbusho ya mimea, anapata udongo usio na sumu. Anapanda mbegu kuukuu, nayo inachipua. Anaomba ruhusa ya kutoka nje, ananyimwa. Anatoroka na kile kichipukizi, anatembea jangwani, anakipanda, anakipa maji yake ya mwisho, kisha anakikinga na jua kwa mwili wake. Hana silaha tangu mwanzo hadi mwisho. Ana mzigo.

Kuna pia filamu ya Neptune Frost ya mwaka 2021, ya Saul Williams na Anisia Uzeyman, iliyopigwa Rwanda na inayosimulia Burundi. Matalusa, mchimba koltani, anaona ndugu yake akiuawa mgodini, anaondoka. Anaishia katika kijiji kilichojengwa kwa mabaki ya kompyuta, pamoja na vijana wengine waliozikimbia njia walizopangiwa. Madini yanayotoka ardhini mwao yamezunguka dunia na kurudi yakiwa takataka, na wao wanazigeuza takataka hizo kuwa makazi. Waigizaji wanazungumza Kinyarwanda na Kirundi, na Kiswahili nacho kinasikika.

Hoja yangu ndiyo hiyo, na nimekuja kuisemea hapa makusudi: katika bunilizi hizi, kijana anayeipata njia ya amani karibu kila mara ni mpagazi. Anakabidhiwa kitu dhaifu kisichojilinda, na lazima akivushe. Na nchi mliyokalia ina historia ndefu ya upagazi.

Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikavuka Ugogo na pori la Mgunda Mkali, ikaingia Unyamwezi kwa Tura, ikapita Rubuga na Kigwa hadi Tabora. Ilikuwa safari ya miezi mitatu hivi. Mpagazi alibeba frasila mbili, kama kilo 32, ukiacha chungu, mkeka na silaha yake. Mbele alikwenda kirangozi na bendera. Wanawake walisafiri, watoto walisafiri. Mvulana alianza na pembe ndogo ya ndovu begani. Kijana wa Kinyamwezi ambaye hajafika pwani alionekana hajakomaa. Nao hawakuwa watu wa kuburuzwa: waliafikiana ujira, walidai posho, na wakionewa waliweka mizigo chini wakagoma, au walitoroka usiku.

Sitaki kuupamba upagazi. Mizigo ile ilikuwa pembe na baruti, na kando ya wapagazi wa hiari walitembea watumwa waliofungwa minyororo. Baruti zilizofika kwa misafara ndizo zilizowalisha warugaruga. Msafiri Richard Burton alipopita Rubuga mwaka 1857 aliiona nchi ya neema. Stanley alipopita mwaka 1871 alikuta mahame. Katikati hapo kulikuwa na vita vya mtemi Mnywa Sere na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora. Na katika Vita Kuu ya Kwanza wapagazi walikamatwa kwa nguvu, wakabebeshwa risasi na unga wa majeshi ya pande zote, wakafa kwa makumi ya maelfu kwa njaa na maradhi. Tabora ilipoangukia mikononi mwa Wabelgiji, tarehe 19 Septemba 1916, ushindi ule ulikuwa umefika kwa vichwa na mabega ya watu wasioulizwa. Kwa hiyo kubeba peke yake si amani. Lazima tuulize: mzigo ni wa nani, na aliyeubeba aliridhia?

Lipo tukio moja linalonijibu swali hilo. Mwaka 1873 mmisionari David Livingstone alifariki kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Wafuasi wake, akina Chuma na Susi na kijana msomi Jacob Wainwright, waliukausha mwili wake na kuanza kuupeleka pwani. Walifika Tabora mwezi Oktoba, vita vya Mirambo na Waarabu vikiwa havijaisha. Hapo walimkuta afisa Mwingereza, Verney Lovett Cameron, naye akawashauri wamzike palepale. Walikataa. Baadaye, kwa kuwa wenyeji wa njiani hawakutaka maiti ipite kwao, waliifunga upya ionekane robota la nguo. Februari 1874 walifika Bagamoyo. Hakuna aliyewaamuru. Unaweza kumpenda Livingstone au usimpende. Kinachonigusa ni wale waliokata shauri wenyewe juu ya mzigo wao, wakauvusha nchi yenye vita kwa akili na subira.

Fasihi yetu nayo ililijua jambo hili kabla ya roketi. Shaaban Robert alichapisha Kusadikika mwaka 1951: nchi inayoelea angani, ambayo wajumbe wake sita wanatumwa pande zote, hadi mbinguni na ardhini, kutafuta yanayofaa kwao. Kila mmoja anarudi na alichojifunza, na kila mmoja anatiwa gerezani. Karama, anayeshitakiwa kwa kufundisha sheria, anajitetea kwa kuyasimulia waliyoyaleta. Katama Mkangi wa Kenya, mwanasosholojia aliyewekwa kizuizini mwaka 1986, alitoa Walenisi mwaka 1995: mtu anahukumiwa kifo, anatiwa katika chombo kinachorushwa kuelekea jua, na badala ya kufa anafika kwa watu wanaoishi bila bwana na mtwana. Anayewaambia kwamba bunilizi za kisayansi ni za wageni, mpeni vitabu hivyo viwili.

Sasa twendeni Ulyankulu, magharibi mwa Tabora. Stanley aliandika jina lake kama Wilyankuru. Agosti 1871 Waarabu walikivamia kijiji kile cha watu wa Mirambo, naye Stanley akiwa upande wao. Walikiteka, wakaondoka na pembe na mateka, na njiani Mirambo akawavizia na kuwaua wengi. Mwezi huohuo alikuja kuchoma sehemu ya Tabora. Karne moja ikapita. Mwaka 1972 Warundi wengi walikimbia mauaji kwao, na ardhi hiyohiyo ya Ulyankulu ikatengwa wakae, kama ilivyotengwa ya Katumba na baadaye ya Mishamo. Hawakuwekwa nyuma ya seng'enge wasubiri mgao. Walipewa mashamba. Walifyeka miombo, wakalima mahindi, mihogo na tumbaku. Watu walipozidi uwezo wa maji, wengine walihamishiwa Mishamo, na uhamisho ule haukuwa mwepesi kwa aliyekwisha kujenga. Mwaka 2014 serikali ilikamilisha kuwapa uraia zaidi ya watu 162,000 wa makazi hayo matatu.

Laiti mtu angemwambia rugaruga mmoja, siku ile ya Agosti, kwamba hapa alipojificha watoto wa nchi nyingine iliyoungua watasoma shule, wataoa, wataitwa wenyeji. Angemwona ana wazimu. Mimi naisoma habari ya Ulyankulu kama bunilizi ya kisayansi iliyotimia, na nasikitika kwamba riwaya yake haijanifikia mkononi. Vijana waliokulia pale ndio wanaojua yaliyobebwa kutoka Burundi: mbegu, jina la kilima, deni, hofu. Wanajua pia kipi kilitupwa njiani kwa sababu kilikuwa kizito.

Kwenu wanafunzi sina zawadi isipokuwa kazi. Reli ya Wajerumani ilifika Tabora mwaka 1912, na wapagazi wa njia hii wakakosa kazi yao ya kale. Reli ya kisasa nayo inajengwa kutoka Makutupora kuja Tabora. Andikeni kitakachopita hapa baada ya hiyo. Kisa ambacho ningetaka kukisoma kwanza ni cha msichana wa Goweko, mwaka 2125, vita vikiwa mashariki na magharibi. Amekabidhiwa kitu ambacho pande zote mbili zinakitaka au zinakiogopa. Kitu gani, mtaamua nyinyi. Lazima akifikishe pwani. Msimpe bunduki, na msimpe mtambo wa kuruka juu ya kila tatizo. Mpeni wenzake, kwa kuwa msafara haukuwa wa mtu mmoja, na kati yao awemo aliyewahi kupigana na ambaye wengine hawamwamini. Wavusheni Mgunda Mkali bila maji ya kutosha. Kisha wafikisheni Ugogo, mahali ambapo misafara ya zamani ililazimika kulipa hongo kwa watemi ili ipite, na mazungumzo yangeweza kuchukua siku kadhaa. Hapo msifanye haraka. Nataka kusikia kila neno la mapatano: wenye njia wanadai nini, msichana anakubali nini, anakataa nini, na katika mzigo ule ni kitu gani hakitatolewa hata wakilala pale mwezi mzima.