Mficha Maradhi si Mgonjwa Peke Yake

(Maneno yaliyosemwa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu. Mimi si daktari. Ni mtumishi wa Serikali, katibu wa afya. Kazi yangu ni majalada, mishahara na barua. Leo nataka kusema juu ya barua moja.

Miaka kumi na miwili iliyopita, katika hospitali ambayo sitaitaja, walilazwa akina mama wawili wenye jina moja, katika wodi moja. Damu iliyopimwa kwa ajili ya mmoja akatundikiwa mwenzake. Siku ya tatu yule mama alifariki. Wanawe walipoandika kuuliza, mimi ndiye niliyetunga jibu: "Mgonjwa alifariki kutokana na matatizo yaliyojitokeza wakati wa matibabu." Kila neno lilikuwa la kweli, na barua nzima ilikuwa uongo. Tuliogopa mahakama.

Baada ya mwaka mmoja na nusu mwanawe mkubwa alikuja ofisini kwangu. Nilishindwa kumtazama usoni, nikamweleza yote. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza: "Ndugu Katibu, siku hizi mnahakikisha majina kabla ya kutundika damu?" Sikuwa na jibu. Kwa kuwa kosa tulilificha, hapakuwa na mtu aliyelirekebisha. Hilo liliniuma kuliko hofu ya kesi. Kesho yake tulianza utaratibu wa watu wawili kumuuliza mgonjwa jina lake na kulilinganisha na mfuko wa damu.

Ndugu zangu, makosa ya namna hii hayako katika hospitali ndogo tu. Mwezi Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, mgonjwa wa goti alipasuliwa kichwa, na wa kichwa akapasuliwa goti. Mwaka 2018, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, mtu mmoja alifunguliwa fuvu badala ya mwingine. Hayo tuliyajua kwa sababu yalisemwa hadharani. Je, mangapi yamelala katika majalada?

Dawa ipo. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kuhakikisha wakati wa upasuaji: jina la mgonjwa, mahali pa kupasuliwa, hesabu ya vifaa, na kadhalika. Ilijaribiwa katika miji minane duniani, na mmojawapo ni Ifakara yetu. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2009 yalionyesha kuwa vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Ama juu ya mahakama, Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, mwaka 2001 kilianza kuwaeleza wagonjwa makosa yaliyotendeka, kuwaomba radhi, na kulipa fidia inapostahili bila kungoja kushtakiwa. Mtu angedhani kesi zitafurika. Kumbe zilipungua kwa zaidi ya nusu.

Sisemi kwamba ukweli hauna gharama. Muuguzi anayekiri huogopa kupoteza kazi, na ana haki ya kuogopa. Kwa hiyo sisi wenye vyeo hatuna budi kumlinda anayekiri, tuwe wakali kwa anayeficha. Mimi nilifanya kinyume.

Nanyi vijana, enzi zetu, katika maabara ile pale, tulizoea kupika majibu ya kemia ili yalingane na kitabu. Mwalimu wetu alimpa alama yule aliyeandika alichokiona, hata kama alikosea, akamnyima mpishi. Tulimcheka. Siku nilipotunga barua ile nilikuwa napika majibu, na safari hii aliyelipia hakuwa mimi.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hiyo tumezoea kuwaambia wagonjwa. Nawaombeni tuiambie na hospitali, na kila ofisi tunayoikalia.

Yule ndugu hakutushtaki. Aliomba barua ya pili, iliyo kweli, akaisome kwa wadogo zake. Niliiandika kwa mkono wangu, nikatia sahihi.